Kuta za pikseli: hewa kiasi gani yatosha?

Juni 2018 Samsung ilitangaza muundo wa kihisio cha picha ilioupa jina ISOCELL Plus. Kuta nyembamba za metali zilizotenganisha machujio ya rangi ziliondolewa, zikawekwa za dutu mpya iliyotengenezwa na Fujifilm, na kampuni ikasema uwezo wa kupokea nuru umeongezeka kwa hadi asilimia 15. Metali huizuia nuru isivuke kwenda kwa jirani, lakini sehemu yake huimeza, na pikseli ikizidi kuwa ndogo hasara hiyo huzidi kuwa nzito. Ukuta wenye fahirisi ndogo ya mpindo, yaani dutu isiyoipunguza nuru mwendo sana, huirudisha ndani ya chujio bila kuimeza. Kwa kuwa fahirisi ya hewa ni 1, ni rahisi kudhani kwamba anayeikaribia zaidi ndiye mshindi. Hesabu hazikubaliani na dhana hiyo.

Tuchukue chujio lenye fahirisi 1.6 na nuru ya kijani ya nanomita 550, iliyoinama digrii 20 kutoka mhimili wa pikseli. Mwinamo huo si wa kubuni: nuru inayoifikia pembe ya kihisio cha simu ikiwa na digrii 33 hewani hubaki na takriban digrii 20 ndani ya chujio. Hapo hata silika ya kawaida, yaani oksidi ya silikoni, yenye fahirisi ya 1.46, huiakisi nuru yote. Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye unene. Nuru inayoakisiwa haigeukii usoni pa ukuta. Hupenya kidogo ikififia kadiri inavyoingia, na ukuta ukiwa mwembamba hutokea upande wa pili, kijani ikachafua nyekundu ya jirani. Kina ambapo nguvu ya nuru hushuka hadi zaidi kidogo ya theluthi ni nanomita 122 kwa silika, yaani zaidi ya ukuta mzima wenye unene wa 100. Kwa fahirisi ya 1.25 kina hicho ni 52. Kwa 1.15 ni 45, na kwa hewa tupu 39. Kutoka 1.46 hadi 1.25 tumeokoa nanomita 70. Safari yote iliyobaki hadi hewani inaokoa 13 tu.

Na safari hiyo ina gharama. Silika ya 1.25 huwa na hewa kama asilimia 42 ya ujazo wake; ya 1.15, kama 65. Njia moja ya kuipata ni kutumia chembe za silika zenye uvungu, zikachanganywa na gundi, zikamwagwa juu ya kaki ya silikoni inayozungushwa kwa kasi, kisha zikaokwa. Chembe hazina budi kuwa ndogo mno kuliko urefu wa wimbi, kwa sababu kila chembe ikikuzwa mara mbili kwa kipenyo hutawanya nuru mara 64. Baadaye tabaka huchongwa kuwa wavu na machujio humwagwa katika matundu yake. Hapo ndipo kemikali za kusafishia na unyevu hupata njia. Vitundu vya 1.25 vikijaa maji fahirisi hupanda hadi 1.40, na kina cha kupenya hadi 80. Tabaka la 1.15 hufika karibu 1.38, kwa hiyo huyumba zaidi, na dutu inayoyumba humharibia mbunifu kuliko ile isiyo bora sana lakini inayotabirika. Dawa ni kuzipaka chembe vikundi vya methili vinavyofukuza maji, na kuuziba ukuta kwa ngozi ya oksidi. Lakini ngozi ya nanomita 10 kila upande imekwisha kula moja ya tano ya ukuta wa 100, kwa dutu ileile ya 1.46 tuliyoikimbia.

Atakayepinga ataniuliza kuhusu nuru iliyoinama zaidi. Kwa digrii 35, ukuta wa 1.25 hupenywa nanomita 111 na wa 1.15 hupenywa 70. Tofauti hiyo si ndogo. Ila kazi ya kuinyoosha nuru ya pembezoni ni ya lenzi ndogo zilizo juu ya pikseli, ambazo husogezwa kuelekea katikati ya kihisio kwa sababu hiyohiyo, na sioni busara ya kulitwika tabaka dhaifu mzigo wa lenzi. Hoja ya pili ina uzito zaidi. Pikseli za mikromita 0.56, ambazo Samsung ilizitoa mwaka 2022, ni nyembamba kuliko wimbi la nuru nyekundu, hivyo kuchora miale kama mistari hakutoshi. Chujio linakuwa bomba la mawimbi, na hesabu kamili hufanywa kwa milinganyo ya Maxwell kwenye kompyuta. Ni kweli. Hata hivyo uwanja wa nuru hufifia ndani ya ukuta kwa kanuni ileile, isipokuwa mahali pa 1.6 iliyorekebishwa kwa pembe, ambayo kwa digrii 20 za hapo juu huwa 1.50, panaingia fahirisi ya wimbi lenyewe. Fahirisi hiyo ikishuka hadi 1.40, silika haiwezi kuishika nuru kabisa, ukuta wa 1.25 hupenywa 69, na wa 1.15 hupenywa 55. Kwa pikseli za namna hiyo ningekubali kushuka hadi 1.20. Chini ya hapo ningengoja kwanza ngozi ya oksidi ipunguzwe hadi nanomita 3 au 4 bila kupitisha maji.