Dhamira katika Kisa cha Mbwaa: Msimulizi na Mtaalamu katika Meru na Embu

Neno dhamira limetumika mno katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hata limechakaa. Katika vyuo vya Tanzania limezoeleka kuwa sehemu mojawapo ya maudhui, likikaa pamoja na ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Katika shule za Kenya maudhui ndiyo yanayoorodheshwa, na dhamira huwekwa kando kuwa kusudi la mtunzi. Mwanafunzi avukaye Namanga na daftari lake hana budi kujifunza upya maneno aliyokwisha kuyajua. Hata hivyo asili ya neno yaweza kuwapatanisha walimu wa pande zote mbili, kwani dhamira na dhamiri zatoka katika shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kile kilichofichwa moyoni. Kilichofichwa namna hiyo hutambulikana kwa kazi yake, na kazi ya dhamira ni kuchuja: ndiyo inayoamua lipi lisemwe, lipi liachwe, na lipi lirudiwe mpaka hadhira ilishike.

Jambo hili hukubaliwa upesi linaposemwa juu ya msimulizi. Likisemwa juu ya mtaalamu aandikaye makala, hukubaliwa kwa shida. Mtaalamu hudai kuwa ana mada tu, na kwamba ushahidi ndio uliomwongoza. Dai hilo lafaa kupimwa kwa kisa kimoja ambacho wasimulizi na wataalamu wote wamekishika, nacho ni kisa cha Mbwaa, kisimuliwacho na Wameru wa mashariki ya Mlima Kenya.

Kwa muhtasari, kisa chasema hivi. Wahenga wa Wameru walikaa Mbwaa, mahali penye maji, chini ya mabwana walioitwa Nguu Ntune, yaani nguo nyekundu. Mabwana hao waliwatoza mambo yasiyowezekana. Walitaka kiatu cha ngozi chenye manyoya juu na chini. Wazee wakashauriana, wakachukua ngozi ya ng'ombe ile ining'iniayo chini ya shingo, ambayo ina manyoya upande huu na upande huu, wakakitengeneza. Masharti mengine yakafuata, mpaka lile la mkuki wenye kufika mbinguni. Hapo werevu ukafika kikomo, na watu wakatoroka wakiongozwa na mtu aitwaye Koomenjwe. Walipofika majini aliyapiga kwa fimbo yake, nayo yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka kukipambazuka wakawa Ntune, wekundu. Na waliovuka mchana wakawa Njeru, weupe.

Ukiangaliwa muda unaopewa kila kipande, dhamira ya msimulizi haifichiki. Masharti na majibu yake ndiyo yaliyo moyo wa kisa. Hapo ndipo hadhira hungoja, hubashiri na kucheka. Safari yenyewe, ambayo kwa hesabu ya miguu ingekuwa ya miezi au miaka, hupita kwa maneno machache. Kisa kinaeleza jinsi wanyonge wanavyoishi chini ya mwenye nguvu kwa kutumia akili, na jinsi watu waliotawanyika katika koo nyingi walivyo wamoja kwa kuwa walivuka maji yale yale, ingawa kwa saa tofauti. Jiografia imo, lakini ni mtumishi tu.

Wataalamu waliokipokea kisa hiki walikuja na vichujio vyao. Bernardo Bernardi, padre wa Kitaliano aliyechapisha kitabu chake juu ya Mugwe mwaka 1959, alishughulika na cheo kitakatifu ambacho kilikuwa kikififia mbele ya serikali na misheni. Katika kitabu hicho Mbwaa huingia kwa mlango wa kiongozi: kinachotafutwa ni mtu mwenye fimbo na baraka. Jeffrey Fadiman, katika makala yake ya mwaka 1973 juu ya historia ya awali ya Wameru, na tena katika kitabu cha mwaka 1993, alitafuta asili. Kwake Mbwaa ni mahali halisi pwani, na ushahidi ukamfikisha kwenye kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Kabla yake, mwaka 1967, J. Forbes Munro alikuwa amezipitia upya nadharia za uhamaji wa Wabantu wa nyanda hizo kwa jicho la shaka. Wanahistoria hawa wawili wahitilafiana juu ya jibu, lakini swali lao ni lile lile: watu hawa walitoka wapi? Mbele ya swali hilo kile kiatu cha manyoya pande mbili hakina la kusema. Huhesabiwa kuwa pambo la ngano.

Swali la Biblia nalo limewashughulisha wengi. Maji yaliyogawanyika, fimbo, kiongozi: je, si Musa huyu? Huenda mafundisho ya misheni yaligusa namna kisa kinavyosimuliwa. Lakini ulinganisho unaoishia kwenye fimbo na maji ni ulinganisho wa matukio tu. Katika Kutoka, anayejaribiwa kwa ishara na mapigo ni Farao. Katika Mbwaa, wanaojaribiwa ni watumwa. Hata pale Waisraeli wanapoamriwa kufyatua matofali bila kupewa majani, hawapati hila ya kuikwepa amri. Huumia na kupigwa. Wazee wa Mbwaa huishinda amri kwa ngozi ya shingo ya ng'ombe. Matukio yaweza kuazimwa na dhamira ikabaki ya wenyewe.

Hapa Waembu, majirani wa Wameru kwa nchi na kwa lugha, wana ushahidi wa namna nyingine. Masimulizi yao ya Mwenendega hayana uhamaji. Mungu anamweka mtu mahali, karibu na Runyenjes ya leo, anampa mke mzuri, na uzao wao unaijaza nchi. Mwanahistoria atafutaye njia za uhamaji hukuta hapa ukuta, naye hushawishika kukiita kisa hiki hekaya na kile cha Mbwaa kumbukumbu. Ubaguzi huo umetokana na swali aliloliuliza. Visa vyenyewe havikumpa sababu ya kuubagua mmoja na mwingine.

Kwamba jambo hili si mchezo wa darasani, Mbeere inashuhudia. Jack Glazier, katika kitabu chake cha mwaka 1985, ameonyesha jinsi ugawaji wa ardhi kwa hati ulivyoyafanya masimulizi ya koo kuwa silaha ya madai. Nasaba na habari za mababu waliofyeka msitu wa kwanza zikawa hoja mbele ya waamuzi. Mtafiti aliyerekodi masimulizi ya ukoo siku hizo, akaandika jina la ukoo bila kueleza shauri lililokuwa likisikilizwa, alirekodi maneno na kuiacha dhamira iliyoyaita.

Kwa sababu hiyo kazi ya H. S. K. Mwaniki ina thamani ya pekee. Mwaka 1973 alitoa historia ya Waembu na Wambeere hadi 1906, na mwaka 1974 akatoa mkusanyiko wa matini za kihistoria za Embu. Mwenye vitabu vyote viwili mezani aweza kumhoji mwandishi: aweza kuona wazee walichosema na mwanahistoria alichokibakiza. Wachache wamewapa wasomaji wao nafasi hiyo ya kuwakosoa.

Wanafunzi wa fasihi simulizi, kwa upande wao, wangali wanafundishwa kukiendea kisa kama Mbwaa na kuandika pembeni: ukombozi, uongozi, umoja. Orodha hiyo yaweza kubandikwa juu ya Kutoka, juu ya visa vya Shungwaya, na juu ya riwaya yoyote ya uhuru, bila kubadilisha neno. Tasnifu zinazotokana na mafunzo hayo huwa na mada pana, kama vile methali za Kimeru au ngano za Kiembu, na kurasa nyingi za mifano, lakini msomaji hufika mwisho asijue kwa nini mfano huu umewekwa na ule umeachwa. Mwenye kusahihisha angefanya vema kuuliza swali moja kabla ya yote: katika kisa hiki msimulizi alikaa wapi muda mrefu, na mwandishi wa tasnifu amekaa wapi? Pale majibu yasipolingana, maelezo yatakiwa, nayo hayana budi kuandikwa ndani ya tasnifu yenyewe.