Kabla ya Kununua Plagi: Kuisoma Injini Inayomisi Katika Njia ya Tabora

Gari lililokufa kabisa ni jepesi kulitibu kuliko gari linalomisi na kuacha. Lililokufa limesimama, limekubali kuchunguzwa. Linalomisi hutengenezwa Jumatatu, likatoka gereji likinguruma vizuri, na Alhamisi likaanza tena kukohoa kati ya Tabora na Nzega. Likirudishwa hufungwa plagi mpya. Likirudi tena ni nyaya za plagi, kisha koili, kisha pampu ya petroli, hata mwenye gari akajikuta amenunua nusu ya injini na kosa bado liko pale pale. Nashikilia kwamba fundi na mwenye gari hapa wameanza na swali lisilo sahihi. Wameuliza ni kifaa gani kimeharibika kabla ya kuuliza injini inamisi lini: ikiwa baridi au moto, imebeba mzigo au imesimama, asubuhi ya mvua au saa nane mchana. Kosa linalojirudia lina masharti yake, na masharti hayo ndiyo ushahidi tulio nao. Kila spea inayofungwa kwa kubahatisha huuchafua ushahidi huo, kwa kuwa hubadilisha hali ya injini bila mtu kujua kilichobadilika.

Tuchukue gari linaloonekana sana katika barabara zetu, Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE: silinda nne, ukubwa wa lita 1.5, petroli inaingizwa kwa injekta, na cheche inagawanywa na distributa kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inapaswa kuwaka mara 1,500, yaani mara 25 kwa sekunde. Ili iwake kila mara inahitaji mambo matatu tu: mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, kompresheni ya kutosha, na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Likikosekana moja, silinda hiyo inageuka mzigo kwa wenzake, na gari zima linatetemeka. Bahati nzuri ni kwamba mambo hayo matatu hayadhoofiki katika mazingira yale yale, na hapo ndipo swali la "lini" linapopata thamani yake.

Tuanze na cheche, maana hapo ndipo imani nyingi za gereji zinapokwenda kombo. Mji wa Tabora uko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni pungufu kwa kiasi cha asilimia 13 ikilinganishwa na Dar es Salaam. Wako wanaosema hewa hiyo nyepesi ndiyo inayoua cheche. Kifizikia ni kinyume chake. Cheche hupata taabu zaidi kuruka pengo la plagi pale hewa iliyobanwa ndani ya silinda inapokuwa nzito, kwa hiyo huku juu koili inadaiwa volti chache kidogo kuliko pwani. Koili iliyochoka inaweza kujificha Tabora, kisha ikajifichua gari likishuka Morogoro limejaa abiria na mizigo. Kwa sababu hiyo hiyo cheche dhaifu haionekani gari likiwa sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Dereva akikanyaga mafuta, hewa nyingi inaingia, inabanwa zaidi, volti zinazohitajika zinapanda, na plagi yenye pengo lililopanuka au waya uliopasuka hushindwa hapo hapo. Uwanda wa Unyamwezi hauna milima mikali ya kuipima injini, lakini una mchanga, una mizigo ya magunia, na una madereva wanaong'ang'ania gia kubwa kwa mwendo mdogo. Gari likimisi katika hali hizo na kutulia likiachiwa, fundi ana sababu ya kuanza na upande wa umeme.

Mwinuko huo una madhara ya kweli kwenye mchanganyiko, ila kwa magari ya kabureta. Kabureta iliyorekebishwa pwani, ikipanda hadi Tabora, hutoa mchanganyiko wenye petroli nyingi kupita kiasi kwa takriban asilimia 6, kwa sababu hewa imepungua uzito na tundu la petroli ni lile lile. Plagi zote nne zitapata masizi meusi makavu, na masizi yakizidi yanapitisha umeme pembeni badala ya kuruka pengo. Plagi mpya zitatibu ugonjwa huo kwa wiki chache tu. Injini ya injekta kama 5A-FE ina sensa inayopima kanieneo ya hewa katika manifoldi na kompyuta inapunguza petroli yenyewe, kwa hiyo mwenye Corolla hana haki ya kuusingizia mwinuko. Akiona masizi kwenye plagi moja huku tatu zina rangi ya kahawia, ajue tatizo liko ndani ya silinda hiyo, kwenye injekta yake au kwenye njia yake ya umeme.

Majira nayo yanasema. Mkoa wa Tabora unapata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya ukavu na vumbi la miombo. Gari linalomisi asubuhi zenye unyevu na kupona likipata moto linaelekeza kidole kwenye kofia ya distributa na nyaya. Vumbi la kiangazi hujikusanya juu yake, umande ukilowesha, umeme hupata njia ya mkato kuelekea chuma cha injini. Ndani ya kofia unaweza kuona mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, alama ya njia ambayo umeme umejichomea. Kipimo chake hakina gharama: boneti lifunguliwe gizani, injini iwake, maji yanyunyizwe kama ukungu juu ya nyaya, na macho yatafute cheche za buluu mahali zisipopaswa kuwa. Kinyume chake, gari linalokwenda salama kilometa 40 kisha likamisi katika jua la Oktoba, likapumzishwa chini ya mwembe na kupona, linatia shaka kwenye koili, ambayo waya wake wa ndani hutengana ukipanuka kwa joto. Ukinzani wa koili ukipimwa ikiwa baridi utaonekana mzuri, na fundi ataiachia huru. Ipimwe ikiwa moto.

Kompresheni ndiyo inayosahauliwa, kwa kuwa kuipima kunahitaji geji na subira. Katika injini za familia hii valvu za moshi hupoteza nafasi yake polepole kadiri zinavyokalia viti vyake kwa miaka. Nafasi ikiisha, valvu ikipata moto inarefuka na haifungi sawasawa. Dalili yake ni ya kipekee: asubuhi gari zuri, likipata moto linatetemeka sailensa, lakini likikanyagwa linatulia, kwa sababu kwenye mwendo mkubwa hewa haina muda wa kuvuja. Hewa inayoingia kwa ufa wa hozi au gasketi ya manifoldi nayo husumbua sailensa na kusahaulika kwenye mwendo, ila mara nyingi huwa mbaya zaidi injini ikiwa baridi. Geji hutenganisha mambo hayo mawili. Silinda moja ikipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi chini ya wenzake, kijiko cha oili kimiminwe kwa tundu la plagi na ipimwe tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi, na plagi za dunia nzima hazitasaidia.

Tabora ilikuwa njia panda kabla ya kuwa na gereji. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, na pale njia ziligawanyika, moja ikielekea Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baadaye tawi la Mwanza likachomoza pale pale. Upimaji mzuri una umbo hilo: kila kipimo kiwe njia panda inayofunga upande mmoja kabisa. Njia panda ya kwanza ni kujua kama inamisi silinda moja au zote. Injini ikiwa sailensa, waya wa plagi mmoja mmoja uchomolewe kwa koleo lenye mpini wa mpira, kwa kuwa volti zinazopita hapo zinaweza kuzidi 20,000, na ncha yake ishikizwe kwenye chuma cha injini. Silinda nzima ikikatwa, injini inashuka. Isiposhuka, ndiyo hiyo iliyolala. Njia panda ya pili ni kuhamisha: plagi ya silinda mbovu ihamie kwa jirani, na waya ubaki. Kosa likihama, plagi imehukumiwa. Lisipohama, unahamishwa waya, na uupime pia kwa mita, maana Toyota huweka kikomo cha kilo-omu 25 kwa waya mmoja. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha plagi, nyaya na kofia kwa pamoja anaweza kupata gari zima, lakini hajui alichotibu, na kosa likirudi anaanza upya.

Kuna pingamizi kwamba zama hizi gari lipimwe kwa kompyuta. Kwa magari mapya ya injekta na koili juu ya kila plagi ni ushauri mzuri. Corolla ya miaka hiyo iliyojengwa kwa soko la Japani haina namba ya kusema silinda ya tatu inamisi. Inazo namba chache zinazosomwa kwa kuunganisha pini za TE1 na E1 na kuhesabu mimweko ya taa ya cheki injini. Namba 14 inasema kompyuta haikupata jibu la mfumo wa cheche. Lakini jibu hilo linatoka kwenye kifaa kinachoiwasha koili, si ndani ya silinda. Waya uliopasuka na plagi iliyokufa hupita bila kuandikwa, na taa iliyozimika haithibitishi kwamba cheche ni nzima.

Wengine hulaumu petroli, na hawakosei kuwa na wasiwasi. Uchakachuaji ulikuwa tatizo zito hadi mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya. Hata hivyo petroli mbaya inaingia silinda zote nne. Huleta injini kugonga, moshi na kuwaka kwa shida, na haichagui silinda ya pili na kuziacha nyingine. Silinda moja ikilala peke yake, upande wa petroli unaobaki kushukiwa ni injekta yake, na hiyo husikilizwa kwa bisibisi ndefu iliyowekwa sikioni: inayofanya kazi hupiga tik-tik mfululizo.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa na muda. Plagi za bei ya chini zinapatikana kila duka la spea, fundi analipwa kwa gari lililotoka na si kwa saa za kufikiri, na mteja hataki kuambiwa aache gari hadi kesho lipoe. Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu ni la watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Lakini hesabu yake inakamilika pale tu kosa linapokubali kutibiwa mara ya kwanza. Likijirudia mara tatu, vipimo vya nusu siku vinakuwa nafuu kuliko spea. Tena plagi za bandia zimejaa sokoni, na anayezifunga kwa kubahatisha anaweza kuongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza. Wenye magari wakubali kulipia upimaji kama kazi kamili, hata usipozaa spea yoyote siku hiyo.

Mwenye gari linalomisi aandike kabla ya kwenda kwa fundi: saa, injini ilikuwa moto au baridi, mzigo uliokuwamo, gia na mwendo, hali ya hewa, na kituo alikojaza petroli mara ya mwisho. Afanye hivyo kwa matukio matatu. Fundi naye aiweke spea ya zamani na kuiandika imetoka silinda ipi, asiitupe mpaka gari limalize safari ya Nzega na kurudi.