Mlango Uliochorwa Daftarini

Chora duara kwa bikari. Weka alama ya kwanza juu kabisa, pima digrii 100 uweke ya pili, digrii 100 nyingine uweke ya tatu, hadi zitimie saba. Ziandike kwa mfuatano huu: lusini, serini, serini, lusini, lusini, serini, lusini. Ukimaliza utakuta serini zote tatu zimekusanyika upande mmoja, lusini zote nne upande wa pili.

Hizo ni asidi amino, viungo vya protini: lusini hukimbilia mafuta, serini hukimbilia maji. Utando wa seli una mafuta katikati na maji huku na huku, na ioni ya sodiamu peke yake haiwezi kuyavuka mafuta hayo. Sasa rudia mfuatano ule mara tatu, upate peptidi, yaani mnyororo, wa asidi amino 21. Ikijisokota, kila asidi amino huizungusha digrii 100 zile za duara na kuirefusha kwa nanomita 0.15, jumla yake ni nanomita tatu na kidogo, karibu sawasawa na unene wa mafuta ya utando. Peptidi sita zikisimama pamoja kama mbao za pipa, lusini nje na serini ndani, katikati hubaki tundu la maji. Ioni hupita.

Lear, Wasserman na DeGrado, watafiti wa Marekani, waliziunda peptidi hizo kweli, wakapima mkondo wa umeme ukipita, wakachapisha mwaka 1988. Kisha katika kila saba serini moja wakaigeuza lusini. Tundu likabana, likawa la kupitisha protoni tu. Sijui ufundi mwingine unaopata mengi hivyo kwa asidi amino za aina mbili tu.

Kompyuta huja baadaye kuujaribu mchoro, kwa kuwa mafuta hayatulii na kila atomu husukumwa na jirani zake. Programu kama GROMACS, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Groningen na inayopatikana bure, hupiga hesabu upya kila femtosekunde mbili. Mikrosekunde moja tu hudai hatua milioni 500. Fundi hodari haridhiki na picha ya kupendeza. Huuliza kama maji yamebaki tunduni, huanza upya kwa mpangilio mwingine, kisha humpa mpimaji wa maabara nafasi ya kumkanusha. Unyenyekevu huo naupenda kuliko hesabu zenyewe.

Hapa Nakivale, Uganda, kambi inayopokea wakimbizi tangu 1958, aliyewahi kuumwa na nyuki ameshakutana na peptidi ya jamii hii: melitini, asidi amino 26, mtoboaji wa tando za seli, karibu nusu ya sumu ya nyuki iliyokaushwa. Mbarara nako Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kinafundisha tangu 1989. Kati ya mtoto wa kambini na chuo kile, naamini hatua ya kwanza ni duara lile.

Mwalimu wa biolojia uliye Juru au Rubondo humu kambini, au Mbarara mjini, tenga kipindi kimoja muhula huu. Wape wanafunzi bikari, kipimapembe na mfuatano wa melitini, uwaulize upande upi unakimbilia maji.