Jino katika mstari uleule

Mwezi wa kumi, kabla jua halijapanda, maksai wawili wanafungwa nira kando ya shamba la mtama nje kidogo ya Bariadi. Plau ni ya siku zote, ila bapa lake la kupindua udongo limefunguliwa na mahali pake pamefungwa jino jembamba la chuma. Ndiyo ripa.

Ripa haigeuzi ardhi. Hupasua mfereji mmoja wa sentimita 15 hadi 20, kisha hatua nzima ya udongo inaachwa ilivyo, na mabua yake juu. Kijana anatangulia ng'ombe. Mwenye shamba, nyuma, halitazami jino. Macho yake yako kwenye mti ulio mwisho wa shamba, na mikono ndiyo inayosikiliza. Chuma kikigonga pagumu, anakandamiza mpini kidogo. Mstari unanyooka kama uzi wa fundi muashi.

Ugumu ule umeletwa na plau yenyewe. Ikipita kina kilekile kila mwaka, hushindilia tabaka chini yake. Mzizi ukifika hapo hupinda kama kiwiko, na mvua hujaa juu kisha huondoka na udongo kuelekea Mto Duma, kisha Simiyu, mpaka Ziwa Victoria. Kwenye luseni, udongo wa kichanga wa miinukoni, hasara hiyo huonekana upesi. Mbuga nyeusi ya mabondeni ni habari nyingine: kiangazi hupasuka nyufa ndefu, ikajilima yenyewe, na mwisho wa masika unyevu wake hutosha kukuza dengu.

Chukua bonge kavu la shamba linalopinduliwa kila msimu, ulitie kwenye glasi ya maji. Mara nyingi hubomoka likawa tope. Bonge la shamba lililotulia miaka kadhaa chini ya mabua hukaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa limeshikwa na vijizizi, nyuzi za kuvu na ute wa viumbe wasioonekana. Nyungunyungu na mchwa wametoboa njia za maji ambazo plau ingezikata zote kwa asubuhi moja.

Misimu ya kwanza ni migumu, na anayeificha habari hiyo hamtendei haki mkulima. Magugu yaliyokuwa yakifukiwa na plau sasa yanasubiri jembe la mkono, na mavuno huenda yasiongezeke upesi. Kunde au fiwi kati ya mistari husaidia kuyafunika magugu hayo.

Lakini kazi ninayoistahi kuliko zote hufanyika baada ya mavuno, wakati ng'ombe wa kijiji kwa desturi huingia mashambani kula mabua. Kumwomba jirani apitishe mifugo kwingine kunataka adabu, na kunataka uwe na cha kumpa siku nyingine. Bahati nzuri Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua yaje kuwafaa ng'ombe kiangazi. Aliyelelewa na ngitili haoni ajabu jani kuachwa makusudi.

Jua limekuwa kali, maksai wanafunguliwa. Mwenye shamba anarudi peke yake, anapekua mabua kwa kisigino mpaka auone mfereji wa mwaka jana. Wa leo umelala ndani yake, umekengeuka upana wa vidole viwili tu. Anachomeka kijiti pale ulipokengeuka.