Eskil Magnusson na Hotuba ya Torgny: Msemaji wa Sheria kati ya Falme Mbili

Katika mijadala kuhusu chimbuko la utawala wa mabaraza huko Skandinavia, hotuba ya Torgny hutajwa kana kwamba ni kumbukumbu za kikao. Torgny, msemaji wa sheria, anasimama barazani Uppsala mnamo 1018, anamtaka Mfalme Olof wa Uswidi afanye suluhu na Norwei na amwoze mfalme wa huko binti yake Ingegerd, la sivyo atauawa. Mfalme anasalimu amri. Makala hii inashikilia kwamba hotuba hiyo haiwezi kubeba mzigo inaotwishwa.

Mwandishi wake, Snorri Sturluson wa Aislandi, aliandika takribani miaka 200 baadaye. Adam wa Bremen, aliyeandika katika karne ileile ya tukio, hamtaji Torgny. Lauritz Weibull alikwisha kuyakataa masimulizi ya namna hii mwaka 1911, na alikuwa na haki. Lakini simulizi lisilothibitisha ya 1018 linathibitisha nini?

Jibu limo nyumbani kwa Eskil Magnusson. Mwaka 1219 Snorri, ambaye naye alikwisha kuwa msemaji wa sheria kwao, alipokewa na Eskil, kabaila wa ukoo wa Bjälbo na msemaji wa sheria wa Västergötland. Mkewe, Kristina, alikuwa mjane wa Håkon Galen, mkuu wa Norwei mwenye cheo cha jarl. Ndoa hiyo peke yake ilimweka Eskil mlangoni pa falme mbili. Kristina alimtunuku mgeni bendera ya vita ya Mfalme Erik. Huo ni udiplomasia, japo haukuacha mkataba. Eskil ndiye pia anayehusishwa na kuandikwa kwa sheria ya jimbo lake katika miaka ya 1220.

Sidai kwamba Eskil alimsimulia Snorri hotuba ile. Nadai kwamba Torgny, mjuzi wa sheria anayepatanisha falme kwa ndoa, ana sura ya tabaka la mwenyeji huyo.

Aidha, wanaoinukuu hotuba hukomea hapo mfalme anapokubali. Mbele kidogo, katika simulizi lilelile, Olof anavunja ahadi na kumwoza Ingegerd kwa Jaroslav wa Kiev. Mfalme wa Norwei anampata Astrid, binti mwingine, bila ridhaa ya baba yake. Aliyeipanga ndoa hiyo si baraza, bali Ragnvald, jarl wa Västergötland, jimbo la Eskil.