Ngome Isiyo na Kuta: Nyangwe katika Maisha ya Tippu Tip

Mgeni aingiaye Ngome ya Yesu, katika kisiwa cha Mombasa, huyasoma mawe kabla ya kusoma kitabu. Kuta zilizoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 zingali zimesimama. Gereza lililokuwamo tangu 1895 lilifungwa mwaka 1958, na mahali pale pakawa hifadhi ya taifa, kisha makumbusho. Nyangwe, kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba, haina lango la namna hiyo. Atakaye kuizuru hana budi kupitia maandishi, na maandishi ya Kiswahili yaliyo mashuhuri zaidi juu ya nchi hiyo ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Makala haya yanahakiki matini hayo kama lango: yanafungua nini, na yanafunga nini.

Matini yenyewe yaliandikwa Unguja kwa hati za Kiarabu, baada ya mwandishi kuiacha Kongo mwaka 1890. Heinrich Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayatoa upya mwaka 1958 na 1959. Fani yake ni ya masimulizi ya barazani. Sentensi ni fupi, safari hufuatwa na safari, na mazungumzo hushika nafasi ya maelezo. Miji haichorwi, hupitwa. Kinachopewa uzito ni hesabu: frasila za pembe, bunduki, watu, deni. Mathalani, ujira wa kumsindikiza Stanley kutoka Nyangwe mwaka 1876 unatajwa kuwa reale 7,000, ilhali Stanley mwenyewe aliandika dola 5,000. Tofauti hiyo inamkumbusha msomaji kwamba msimulizi anajenga hadhi yake anapokumbuka.

Ustadi wa msimulizi unadhihirika zaidi katika kisa cha Utetera. Baada ya kupata habari za dada wawili wa mtawala Kasongo Rushie, waliotekwa zamani, alidai kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao; akapokewa kama ndugu, akakabidhiwa utawala. Kisa hiki husomwa mara nyingi kama mfano wa werevu, na kwa kweli kinachekesha. Lakini dhamira yake ni nzito kuliko kicheko hicho. Mwanamke mateka ameingia katika matini kama nasaba ya kuazima. Jina lake linafungua nchi, naye mwenyewe hasemi neno. Anayejua nguvu ya undugu kiasi hicho ndiye huyo huyo ambaye biashara yake iliwatenga watu na ndugu zao.

Ukimya huo unasikika vizuri zaidi matini haya yakiwekwa kando ya shajara ya David Livingstone. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona sokoni Nyangwe watu wakipigwa risasi na wafuasi wa Dugumbe, na wengi, hasa wanawake, wakizama Lualaba. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tippu Tip hakuwapo. Alifika Nyangwe mwaka 1874. Hata hivyo shahidi wa Kizungu naye hatoshi. Uchunguzi wa kurasa zake za awali, zilizoandikwa juu ya gazeti kuukuu na kusomeka tena kwa upigaji picha wa kisasa mwaka 2011, umeonyesha kuwa toleo lililochapishwa mwaka 1874 lilirekebishwa, na umezusha swali juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Katika maandishi yote mawili, wanawake wa sokoni wanabaki bila majina.

Jeshi la Dhanis liliuteka mji tarehe 4 Machi 1893. Sidney Hinde, tabibu wa jeshi hilo, aliukadiria kuwa na wakazi wapatao 30,000, na akaeleza jinsi ulivyogeuzwa kuwa nyumba moja kubwa yenye boma, iliyozungukwa na kambi ya askari. Ndiyo ngome pekee ambayo maandishi hayo yameiachia Nyangwe, nayo ilisimama juu ya mji uliobomolewa.

Yafaa basi Maisha yafundishwe vyuoni jinsi michoro iliyoachwa na Wareno kutani mwa Ngome ya Yesu inavyotazamwa: ni alama ya waliolinda lango, si ya waliofungiwa ndani. Kuyatupa ni kosa, kwa kuwa nathari ya Kiswahili ya zama zile ni chache, na hii ina uhai mwingi. Kuyasoma peke yake ni kosa kubwa zaidi. Kingwana kinachozungumzwa Kasongo na Kabambare kilienezwa pia na wapagazi, mateka, na watoto wao, ambao hawakuachiwa kalamu. Uhakiki wa matini haya utakuwa nusu hadi masimulizi ya wazawa wa Maniema yakusanywe, yaandikwe kwa lahaja yao wenyewe, na yawekwe mezani pamoja nayo.