Kipeo cha tatu hakina kosa: uhakiki wa ushauri wa mbio za mashine ya makasia

Kila anayejiandaa kwa mbio za mita 2000 kwenye mashine ya kupiga makasia hupewa ushauri uleule: usianze kwa pupa, gawanya mwendo sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiuliza kwa nini, jamaa wa jimu atakutolea fizikia. Nguvu inapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, atasema, kwa hiyo kila sekunde unayoiiba mwanzoni utailipa na riba.

Maelezo hayo nimeyasikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nimeyatoa kwa kujiamini kabisa. Nilimpa mwenzangu mmoja wa maabara kabla ya mbio zake za kwanza. Tukakubaliana alenge dakika 8, akaushika mwendo wake bila kutetereka kama saa ya ukutani, na karibu na mita 1200 akaachia mpini, akainamisha kichwa. Hakumaliza, na tangu siku hiyo hajaigusa tena ile mashine. Alifanya kila nilichomwambia. Basi nimerudi kwenye hesabu kuona tulikosea wapi.

Kwanza mashine yenyewe. Ukivuta mpini, mnyororo unazungusha gurudumu lenye mapanga kama feni, na hewa inalipinga. Upinzani wa hewa ndio unaoleta kile kipeo cha tatu. Mashine za Concept2, ambazo ndizo za kawaida mashindanoni, hutumia kanuni moja iliyo wazi: wati = 2.80 gawanya kwa mwendo kipeo cha tatu, mwendo ukiwa ni sekunde kwa mita moja. Skrini inakuonyesha mwendo kama muda wa mita 500. Mwendo wa 2:00 ni wati 202. Wa 1:55 ni wati 230. Wa 2:05 ni wati 179.

Sasa tupime ule ushauri. Mtu A anapiga mita 2000 zote kwa 2:00. Anamaliza kwa dakika 8 kamili, na kazi aliyoiingiza kwenye mashine ni kilojuli 97.2. Mtu B anakosea: mita 1000 za kwanza kwa 1:55, na 1000 za mwisho kwa 2:05. Naye anamaliza kwa dakika 8 kamili. Kazi yake? Kilojuli 97.7.

Tofauti ni nusu kilojuli, yaani kama nusu ya asilimia moja. Ukiigeuza kuwa muda, inakuja sekunde 1 na kidogo katika mbio za dakika 8. Hiyo ndiyo riba yote ya kipeo cha tatu, kwa mtu aliyeyumba kwa sekunde 10 nzima kati ya nusu ya kwanza na ya pili! Mtu aliyepasuka kwenye mbio hizi hapotezi sekunde 1. Hupoteza 15, 20, au anaachia mpini kabisa. Kwa hiyo maelezo tunayoyatoa jimu ni ya kweli, lakini ni madogo mno kubeba mzigo tunaoyabebesha.

Kinachomwangusha mtu kiko mwilini, siyo kwenye feni. Watafiti wa mazoezi hutumia mfano mmoja rahisi: kila mtu ana kiwango cha nguvu anachoweza kukihimili kwa muda mrefu (tukiite nguvu ya kudumu), na juu yake ana akiba ndogo isiyojazwa upya ukiwa bado unapiga juu ya kiwango hicho. Wati zinazozidi nguvu ya kudumu zinakula akiba. Akiba ikiisha, shughuli imekwisha.

Chukua mtu mwenye nguvu ya kudumu ya wati 165 na akiba ya kilojuli 10. Akipiga kwa 2:00 anazidi kiwango chake kwa wati 37 na nusu. Akiba inaisha baada ya sekunde 267, na hapo yuko kwenye mita 1111. Akipiga kwa 2:05 anazidi kwa wati 14 tu, anatumia kilojuli 7 hivi, na anamaliza mbio akiwa na chenji.

Angalia hizo namba tena. Watu wote wawili wamegawanya mwendo sawasawa. Mmoja anamaliza, mwingine anafia njiani, na kilichowatenganisha ni sekunde 5 kwenye skrini. Hapa ndipo kipeo cha tatu kinapouma kwelikweli: kuongeza kasi kwa asilimia 4 kunadai nguvu ya ziada ya asilimia 13, na ziada hiyo yote inatoka kwenye kibubu. Kanuni tunaihubiri kwenye suala la kugawanya mwendo, ambako haina uzito, halafu tunaisahau kwenye suala la kuchagua mwendo, ambako ndiko inakoamua kila kitu. Ile dakika 8 tuliyompa mwenzangu tuliichagua kwa sababu ni namba nzuri ya mviringo. Basi. Hatukuwa na sababu nyingine.

Skrini nayo ina lawama yake. Inaonyesha 2:00 na 2:05 kama majirani. Macho yanaona tofauti ya sekunde tano, kitu kidogo, "nitajikaza tu." Kitufe cha kubadilisha kwenda wati kipo, na ningependa kila anayeanza akitumie kwa mwezi mmoja. Kutoka 179 hadi 202 hakuonekani kidogo.

Tuwe waungwana: mfano wa akiba nao una kasoro. Unadai kwamba akiba ikiisha utashuka hadi nguvu yako ya kudumu na kuendelea hapo kwa amani. Aliyewahi kufika huko anajua kwamba unashuka chini zaidi, mapaja yanawaka na pumzi haishikiki. Pia mfano hauelezi kwa nini mabingwa hawagawanyi sawasawa kabisa. Stephen Garland, katika makala ya mwaka 2005, alichambua mbio za wapiga makasia wa kiwango cha juu na kukuta robo ya kwanza ndiyo ya kasi kuliko zote. Kwenye mashine, ilizidi wastani kwa takriban asilimia 1.5. Kwa mtu wa dakika 8 hiyo ni kuanza kwa 1:58 badala ya 2:00. Siyo 1:45. Kuanza kwa uchangamfu kidogo kunaruhusiwa. Gurudumu lenyewe limesimama na lazima liamshwe.

Hivyo basi, mwendo unauchaguaje? Siku moja piga dakika 3 kwa nguvu zako zote, andika wastani wa wati. Siku nyingine, ukiwa umepumzika, piga dakika 12. Zidisha kila wastani kwa sekunde zake upate kazi, toa ndogo kwenye kubwa, kisha gawanya kwa 540. Mfano: wati 221 kwa dakika 3 ni juli 39,780. Wati 179 kwa dakika 12 ni juli 128,880. Tofauti ni 89,100. Gawanya kwa 540, unapata wati 165. Jibu hili ni makadirio, lakini lina mzizi mwilini mwako na siyo kwenye ndoto.

Na ule wenzo wa pembeni wenye namba 1 hadi 10, tafadhali usiupeleke 10 ukidhani unapata mita za bure. Unaongeza hewa tu, kama kubadilisha gia ya baiskeli. Kila unaporudi mbele, mashine inapima gurudumu linavyopungua kasi na kujirekebisha. Kati ya 3 na 5 panatosha kwa walio wengi.

Mazoezi nayo yanafuata hesabu hiyohiyo. Zaidi ya theluthi mbili ya nishati ya mbio hizi hutoka kwenye oksijeni, kwa hiyo cha kukuza kwanza ni ile nguvu ya kudumu. Hukuzwa na vipindi virefu vya polepole, vya kupiga huku unaongea na mwenzako, pamoja na vikali vichache kwa wiki. Kujipima mita 2000 kila Ijumaa, kama tulivyokuwa tukifanya sisi, ni kutoa kwenye kibubu kila wiki bila kuweka kitu.

Mwenzangu nimemtumia hesabu hizi, nikamwambia wazi kwamba mwili wake haukumwangusha. Namba niliyompa ndiyo iliyomwangusha. Amejibu kwamba Jumatatu atapiga zile dakika 3, mradi mimi nikae mashine ya pili na nisiseme neno.